Pwani Iliyouzwa Bila Wenyewe Kuulizwa

Mwulize mwanafunzi wa sekondari Tanzania kwa nini watu wa pwani walipigana na Wajerumani mwaka 1888. Jibu halichelewi: Waarabu waliogopa kupoteza biashara ya watumwa, wakaongozwa na Abushiri kuilinda kwa bunduki. Akiongeza kwamba Wajerumani waliingia msikitini na mbwa, amemaliza. Jibu hilo limepita daftari hadi daftari kwa miaka mingi, na watu wazima hulirudia hadi leo kama jambo lisilo na mjadala.

Mjadala upo, tena mkubwa. Jibu hilo halikutoka Pangani wala Kilwa. Lilitoka Ujerumani, mwishoni mwa mwaka uleule wa 1888, kwa watu waliokuwa na haja nalo, na kazi yake ilikuwa kupata fedha za kupeleka jeshi. Wajerumani waliviita vita vile uasi wa Waarabu. Wao wakaondoka, hadithi yao ikabaki, ikaingia hadi kwenye masomo ya watoto wa nchi huru.

Anayetaka kujua chanzo aanze na hati iliyotiwa saini Unguja tarehe 28 Aprili 1888. Sayyid Barghash alikuwa amefariki mwezi mmoja tu nyuma, na nduguye, Sayyid Khalifa bin Said, alikuwa bado mgeni katika kiti. Kwa hati ile Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pwani yote, kuanzia mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Kampuni ikapewa forodha. Ikapewa haki ya kutoza kodi, kuweka maofisa na mahakama, na kujitwalia ardhi isiyo na mwenyewe. Bendera ingebaki ya Sultani na utawala ungeendeshwa kwa jina lake, naye angepata fungu lake katika mapato.

Aliyeipokea pwani hakuwa serikali. Ilikuwa kampuni ya biashara, iliyozaliwa kutokana na mikataba ambayo Carl Peters aliizungukia Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami mwishoni mwa 1884. Mwaka 1887 iliundwa upya kwa mtaji wa matajiri wa Kijerumani, ikiwamo marki 500,000 za Kaisari Wilhelm wa Kwanza mwenyewe. Haikuwa na jeshi, maofisa wake walikuwa wachache, na wenye hisa walikuwa wakingoja faida. Mashamba yangechukua miaka kabla ya kulipa. Ushuru wa pembe za ndovu na bidhaa nyingine zilizopita Bagamoyo na Pangani ungelipa mara moja.

Maliwali hawakuulizwa. Majumbe hawakuitwa. Mzizi wa vita uko hapo, na inashangaza jinsi unavyorukwa kwa wepesi.

Utawala wa Unguja katika Mrima, yaani pwani hiyo ya bara, haukuwahi kuwa wa amri tupu. Sultani alikuwa na liwali wake katika kila mji mkubwa, askari wachache, na watu wa kukusanya ushuru forodhani. Basi. Mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa majumbe na wazee. Wao ndio waliosikiliza kesi, ndio waliopokea ada kutoka kwa misafara iliyoteremka kutoka bara, ndio waliotangulizwa katika sherehe na ngoma, na liwali mwenye akili hakufanya jambo kubwa bila kupata ridhaa yao. Saadani ilikuwa mbali zaidi na Unguja kwa utii kuliko kwa maji. Bwana Heri bin Juma, mwenye nguvu miongoni mwa Wazigua, alitawala pale kama mtu asiye na mkubwa juu yake, na Barghash alipopeleka askari kumtia adabu mwaka 1882, askari walishindwa. Kwa hiyo Khalifa alipotia saini, alikuwa kama msimamizi wa mirathi anayeuza nyumba huku warithi wenyewe wamo ndani wanaishi.

Tarehe 16 Agosti 1888 kampuni ilianza kazi. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski. Alimtaka liwali, Abdulgawi bin Abdallah, akubali bendera ya kampuni ipepee mjini na amtambue yeye kuwa mkubwa wake. Liwali alikataa, kwa sababu amri ya namna hiyo hakuwa ameipata kutoka kwa Sultani. Zelewski akaita manowari Carola. Wanamaji wakashuka, wakavamia nyumba ya liwali, wakaingia hadi msikitini wakimsaka, tena katika siku zilezile za Idi Kubwa, kisha mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa ukaanguka.

Tusi la msikiti lilikuwa kweli, na lilichoma. Lakini wanaolifanya chanzo cha vita wanakwepa swali lililo mbele yao: wanamaji walifuata nini mle ndani? Walimfuata liwali aliyegoma kukabidhi mji. Msikiti ulivunjiwa heshima katika tendo la kuuchukua mji, na watu wa Pangani waliyaona mambo hayo mawili kwa pamoja. Waliona pia kwamba bendera iliyoahidiwa kubaki imelala chini, siku chache tu baada ya mkataba kuanza kufanya kazi. Aliyekuwa bado anaamini kwamba kampuni ingetawala kwa jina la Sultani alipata jibu lake hapo.

Wanamaji walipoondoka, mji ulijibu. Mwanzoni mwa Septemba Zelewski na wenzake walifungiwa ndani ya nyumba, umati ukiwa nje. Sultani akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake, pamoja na askari, kwenda kutuliza mambo. Mathews alifaulu kuwatoa Wajerumani. Kisha akajaribu kurudisha mamlaka ya Sultani, na umati ukamgeukia yeye. Ilimbidi apande chombo arudi Unguja.

Anayeamini hadithi ya uasi wa Waarabu hana budi kusimama hapa. Kama vita vilikuwa vya dola ya Waarabu wa Unguja kujilinda, kwa nini jemadari wa dola hiyo alifukuzwa? Watu wa Pangani walikuwa na madai mawili kwa wakati mmoja. Hawakutaka kutawaliwa na kampuni, na hawakutaka tena kutawaliwa na aliyewatoa kwa kampuni. Dai la pili ndilo lililofutika kabisa katika masimulizi ya baadaye, kwa sababu halikuwafaa Wajerumani, waliohitaji adui wa Kiarabu, wala halikuufaa utawala wa Unguja, uliotaka kuonekana bado una raia watiifu barani.

Abushiri bin Salim mwenyewe anathibitisha jambo hili kuliko anavyolipinga. Alikuwa wa ukoo wa Al-Harthi, ukoo wenye ugomvi wa zamani na Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Unguja. Alikuwa na shamba la miwa Pangani, na watumwa alikuwa nao, hilo halifichiki. Lakini hakuuanzisha moto. Liwali alikuwa amekwisha kukataa, mlingoti umekwisha kukatwa na umati umekwisha kujaa barabarani kabla jina lake halijawa jina la vita. Uongozi ulimjia kwa sababu palihitajika mtu mwenye silaha, wafuasi na uzoefu wa kupigana, ambaye pia hakuwa mtu wa Sultani.

Umati ule ulikuwa wa nani? Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 kuhusu miji hii na vita hivi, alionyesha kwa urefu kwamba ulikuwa mchanganyiko: wenyeji wa mji, Wazigua na Wabondei wa vijijini walioteremka kwa Idi na kwa biashara, wapagazi, maskini waliokuwa wakigombea nafasi ya kuhesabiwa kuwa waungwana, na watumwa. Ndiyo, watumwa. Matajiri wengi, Waarabu na Wahindi, walitaka mambo yatulie. Walikuwa na mali ghalani na madeni ya kudai, na vita havikuwaletea faida yoyote. Kuuita huo uasi wa Waarabu wenye watumwa ni kuwafuta waliosimama mbele na kuwaweka mahali pao wengi waliojificha nyuma.

Ramani nayo inasema. Mapema Septemba mashua ya manowari Möwe ilishambuliwa kwa risasi Tanga, nayo manowari ikaupiga mji mizinga. Tarehe 22 Septemba maelfu ya watu waliivamia Bagamoyo, na wanamaji wa manowari Leipzig waliposhuka, zaidi ya watu 100 waliuawa. Mwishoni mwa mwezi uleule watu wa Kilwa, pamoja na Wayao walioteremka kutoka bara, waliwataka maofisa 2 wa kampuni waondoke; hawakuondoka, wakauawa. Lindi na Mikindani maofisa walikimbia kwa njia ya bahari. Kwa wiki sita tangu kampuni ianze kazi, kati ya miji yote kutoka Umba hadi Ruvuma, pwani ya zaidi ya kilomita 600, ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya ulinzi wa manowari.

Abushiri hakuwa Kilwa. Hakuwa Mikindani. Huko hakuna msikiti ulioingiliwa. Wayao waliojaa Kilwa hawakuwa na habari na ugomvi wa Al-Harthi na Mabusaidi. Walichokuwa nacho wote, Tanga hadi Mikindani, ni mgeni mmoja aliyefika siku moja na hati moja, akidai forodha na mamlaka ya mji.

Haki inataka kukubali hapa kwamba watetezi wa hadithi ya watumwa hawajaitoa hewani. Kilwa ilikuwa mlango mkuu wa watumwa kutoka upande wa Nyasa, na baadhi ya wakubwa waliopigana kule walikuwa wamechuma humo. Wenye mashamba ya miwa Pangani walitegemea kazi ya watumwa. Kuwafanya watu hawa watetezi wa uhuru wa binadamu wote kungekuwa uongo wa upande wa pili, na waandishi wa kizalendo wa baada ya uhuru wameuandika mara nyingine. Swali si kama watumwa walikuwapo. Walikuwapo. Swali ni kama kutishiwa kwa utumwa ndiko kulikoinua pwani yote kwa wiki sita, na hapo ushahidi unakataa.

Kwanza, tishio lenyewe lilikuwa la zamani. Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Amri hizo ziliwauma wafanyabiashara, hasa wa Kilwa, kuliko chochote ambacho kampuni ilitangaza mwaka 1888. Hata hivyo, pwani haikulipuka kutoka Tanga hadi Mikindani.

Pili, ipo Mombasa, na wanaokariri jibu la daftarini hawaitaji kamwe. Mwaka huohuo wa 1888 kampuni ya Waingereza ilikabidhiwa na Sultani huyohuyo pwani ya kaskazini ya Umba. Dini ni ileile na watumwa ni walewale. Tena huko ugomvi juu ya utumwa ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu vituo vya misheni vya Rabai na Freretown vilijaa watoro, na mabwana zao walikuwa wamekasirika kiasi cha kutaka kuvishambulia. George Mackenzie alipofika kwa niaba ya kampuni, aliwaacha wakubwa wa Sultani mahali pao, akazungumza na wazee, na Januari 1889 akawalipa mabwana fidia kwa watoro zaidi ya 1,400. Vita havikutokea. Atakayesema kwamba fidia ndiyo iliyozuia vita, na kwa hiyo utumwa ndio uliokuwa tatizo, aeleze yaliyotokea mwaka 1895. Waingereza walipoingilia urithi wa utawala wa Takaungu, katika pwani hiyohiyo ya kaskazini, wakampandisha waliyemtaka wao, vikawaka vita vinavyojulikana kwa jina la Mbaruk, mmoja wa viongozi wake. Alipoheshimiwa mwenye mji palikuwa kimya. Alipoondolewa, bunduki zilitoka. Pangani na Takaungu zinasema jambo moja.

Tatu, tazama walioachwa. Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilikuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Kama vita vingekuwa vya kuulinda utumwa, hapo ndipo pa kuanzia kuchoma. Haikuchomwa. Mapadri wake walizungumza na Abushiri, wakawa wapatanishi wa kuwakomboa mateka, na watu wengi waliokimbia mapigano walipata hifadhi kwao. Wabenedikti wa Pugu walishambuliwa Januari 1889, na baadhi yao waliuawa. Wabenedikti wale walikuwa misheni ya Wajerumani, iliyokuja na ukoloni wa Wajerumani. Ni kweli pia kwamba mmishonari Mwingereza aliuawa karibu na Saadani mwezi huohuo. Vita vikishakolea havichagui vizuri. Lakini kwa jumla waliotafutwa walikuwa Wajerumani, na waliowakomboa watumwa kwa miaka 20 waliachwa wakae.

Basi hadithi ya watumwa ilitoka wapi?

Bismarck, Kansela wa Ujerumani, hakuwa na hamu ya kulipia hasara ya kampuni binafsi. Bunge lake nalo halikuwa na hamu hiyo, na chama cha Wakatoliki, kilichoshika kura nyingi, kiliutilia shaka mradi mzima wa makoloni. Wakati huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa wa Kiarabu. Ulikuwa wito wa dhati, na mateso aliyoyasimulia yalikuwa ya kweli. Tarehe 27 Oktoba 1888 ulifanyika mkutano mkubwa Köln, katika ukumbi wa Gürzenich, kuuitikia. Wakatoliki wa Ujerumani, ambao wasingetoa senti kwa wenye hisa wa kampuni, walikuwa tayari kutoa kwa ajili ya mtumwa. Bismarck aliiona njia. Machafuko yaliyotokana na forodha na bendera yakageuzwa vita vya ukombozi. Tarehe 2 Desemba manowari za Ujerumani na Uingereza zikaizingira pwani, kwa maelezo kwamba zinazuia watumwa na silaha. Mwishoni mwa Januari 1889 Bunge likaidhinisha marki milioni 2 za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili yalifungwa pamoja katika sheria moja, na tangu siku hiyo hayajaachanishwa vichwani mwa watu.

Kwa fedha hizo Hermann Wissmann, ofisa aliyekabidhiwa vita hivyo, aliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na Wazulu kutoka Msumbiji. Abushiri alikuwa kwenye mapatano ya muda na Admirali Deinhard, mkuu wa manowari za Wajerumani. Wissmann aliyakatisha na tarehe 8 Mei 1889 akaivamia ngome yake karibu na Bagamoyo. Saadani ilitekwa Juni, Pangani na Tanga Julai. Abushiri alienda bara, akarudi na Wambunga, akashindwa tena, akakamatwa Uzigua na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miji ya kusini ilitekwa Mei 1890.

Sasa mshindi apimwe kwa alichokifanya baada ya kushinda. Kama alipigana na Waarabu, angewaondoa katika utawala. Alifanya kinyume. Wajerumani waliitawala pwani kwa maliwali na maakida, wengi wao Waarabu na waungwana wa Kiswahili walewale, na Suleiman bin Nasor Al-Lamki, aliyewaunga mkono vitani, akawa mmoja wa maliwali wao wakubwa. Na kama alipigana kuwakomboa watumwa, angewakomboa. Hakuwakomboa. Biashara ya watumwa ilizuiwa, ndiyo, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali katika koloni la Wajerumani siku zote za utawala wao. Mwaka 1904 walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama zao wabaki walivyo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Waingereza wakiwa ndio watawala, miaka 33 baada ya Bunge la Ujerumani kutoa marki milioni 2 kwa jina la mtumwa.

Wajerumani wenyewe walionyesha kwa fedha kwamba kiini kilikuwa umiliki wa pwani. Mwaka 1890 walimlipa Sultani wa wakati huo, Ali bin Said, marki milioni 4 ili aiachie moja kwa moja, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Kaisari ikashika utawala kutoka kwa kampuni. Pwani iliuzwa mara ya pili, na mara hiyo pia wakazi wake hawakuulizwa. Bwana Heri, aliyekuwa ameweka silaha chini Aprili 1890, alizichukua tena mwaka 1894.

Mtaala unaotaja utumwa uendelee kuutaja, kwa sababu ulikuwa sehemu ya maisha ya miji ile na wengi waliopigana waliuishi. Lakini usiuweke mwanzo wa orodha huku hati ya 28 Aprili 1888 haimo kabisa. Mwanafunzi asome vifungu vya hati ile, forodha, kodi, mahakama na ardhi, na ajue ni nani aliyelipwa na ni nani ambaye hakuulizwa. Asome Mombasa kando ya Pangani. Asome pia utenzi wa Hemedi bin Abdallah, mshairi wa kwao Tanga, aliyevisimulia kama vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima. Asome na kufukuzwa kwa Mathews, maana mwalimu atakapomwuliza kwa nini Waarabu waliasi, atakuwa na cha kumwuliza mwalimu wake pia: ni Waarabu gani hao waliomfukuza mkuu wa jeshi la Sultani wao?